Odile Aliyewaoanisha Mahasimu

Nilisema tangu mwanzo kwamba sitaki. Mwenye kujua kuandika aandike. Lakini yule binti wa maktaba ni king'ang'anizi, kila akipita barabarani lazima abishe mlangoni kwangu, na juzi kaja na keki ambayo hata kuumuka haikuumuka, ati zawadi. Anataka kitabu cha watu wa mji wetu. "Andika habari za Odile Thibodeau, Shangazi, wewe ndiye uliyemjua." Kumjua nimemjua. Nimepika kwenye kambi ya watoto miaka yote aliyofundisha kuogelea, na sufuria zangu zilikuwa zinatazamana na gati lake. Ila shule mimi niliiacha mapema, mwaka ambao mavuno ya viazi yalikosa mikono, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda inyooshe mwenyewe, macho unayo. Naandika mara moja tu, wala sitarudia.

Odile hakuzaliwa mwalimu wa mtu. Alikuja kambini akiwa msichana, kaajiriwa kumenya viazi. Kambi ilikuwa ya mji, ng'ambo ya ziwa: vibanda vya mbao, bwalo la kulia chakula, na gati la kuogelea. Shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto wa mashamba ya viazi na wa kiwanda cha mbao waliletwa huko wakakaa bila baba wala mama, wakarudi nyumbani na pua zilizobabuka na suruali zilizowapwaya. Mwalimu wa kuogelea aliletwa kutoka Boston, dada mmoja mrembo kweli. Siku yake ya kwanza majini akatoka na ruba amemganda mguuni. Alipiga ukelele ambao ulisikika mpaka Kanada, ng'ambo ya mpaka, na kesho yake akaondoka na gari la maziwa.

Padri aliyesimamia kambi akaingia jikoni, akamkuta Odile na kisu mkononi.

"Odile, unajua kuogelea?"

"Najua kutokufa maji, Padri."

"Basi inatosha. Vua hiyo aproni."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Aliolewa na Lucien, dereva wa magari ya magogo, akamzika Lucien, na mwezi wa sita ulipofika akarudi gatini kama kawaida. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Hakuwa mpole. Wanaosema alikuwa mpole hawakuwahi kuchelewa kutoka majini.

Sheria yake ilikuwa moja. Hakuna mtoto aliyeingia majini peke yake, kila mmoja alikuwa na mwenzake. Odile akitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, popote ulipo, hata kama umezama unatafuta mawe, unamtafuta mwenzako, unamshika mkono, mnainua mikono juu na kunyamaza kimya. Mwenye wake anyamaze. Asiyemwona wake ndiye peke yake anayeruhusiwa kupiga kelele, na kelele yenyewe ilikuwa maneno mawili: "Sina wangu!"

Kambi nyingi zina sheria ya namna hiyo. Ila kwingine watoto wanachagua wenyewe, rafiki na rafiki. Odile alikataa katakata. Yeye aliwaoanisha waliogombana. Aliyeng'atwa na aliyemng'ata, aliyeibiwa biskuti na mwizi wake. Wazazi walikuja juu. Mama Pelkey alifika mpaka gatini na viatu vyake vya kanisani.

"Odile, una kichaa? Umemweka Fernand na Rosaire pamoja! Hawa wananimalizia sahani nyumbani kwa kurushiana!"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?"

"Rafiki akiona chura anakuacha, anamfuata chura. Lakini yule aliyekula biskuti yako, mama, unamkodolea macho mchana kutwa."

Mama Pelkey akaondoka akitikisa kichwa. Na wale wawili, Fernand mkubwa na Rosaire mdogo wake, walikaa jozi moja kiangazi baada ya kiangazi, wakishikana mikono kwa kununa kama watu wanaoshikishwa samaki aliyeoza.

Sasa ruka miaka. Watoto wakawa wazee wenye vitambi. Theluji ya mwaka mmoja mbaya ikaangusha paa la bwalo, bima ikapanda, mji ukafunga kambi, ati kwa muda. Muda ukaota majani. Rosaire Pelkey akawa na duka la misumari na mbao, kisha akawa mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Fernand akabaki na shamba la baba yao. Wakagombana kwa sababu ya trekta la marehemu, wakaacha kusemezana, moja kwa moja. Wakikutana dukani kwa watu, mmoja anasoma kopo la maharage mpaka mwingine atoke.

Akatokea tajiri wa Boston anataka kununua kambi ajenge nyumba za mapumziko. Rosaire akaitisha kikao mwezi wa kwanza ili watu watoe maoni kabla ya mkutano mkuu wa mwezi wa tatu, ule ambao kila mwenyeji ana kura yake. Odile akaenda na koti lake la Jumapili. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani wakati ule: kambi isiuzwe. Hilo kila mtu alilijua.

Rosaire hakuwa na adabu mbaya. Alimwita Shangazi, kama watoto wote wa kambi walivyomwita.

"Shangazi Odile, nisaidie. Nitajie kitu kimoja. Mtoto akirudi nyumbani mwezi wa nane, mwezi wa tisa umeingia, shule imefunguliwa, kinabaki nini?"

Odile akafungua mdomo. Na yeye ambaye sauti yake ilivuka ziwa hakupata neno.

"Wanajua kuogelea," akasema mwisho.

"Hata mjini kwenye bwawa la maji moto wanafundisha, na hakuna ruba."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, lakini ni kicheko. Nilimsindikiza nyumbani. Alipofika mlangoni akaniuliza, "Hivi kweli hakibaki kitu?" Nikamwambia asiwe mpumbavu. Ila swali lenyewe liliniudhi hata mimi mpaka nikaunguza mkate.

Mwezi wa pili ukafika na shindano la wazima moto la kuvua samaki. Wakati huo ziwa linakuwa gumu kama sakafu, watu wanapeleka mpaka magari. Unatoboa tundu, unashusha ndoana, unaweka kibendera; samaki akivuta, kibendera kinaruka. Mji mzima uko pale, watoto wanateleza, wanaume wanadanganyana juu ya samaki wa mwaka jana. Mimi nilikuwa na sufuria langu la maharage ya molasi. Odile alikuwa kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kanuna.

Theluji ikaja bila hodi. Kulikuwa na anga, kisha hapakuwa na anga. Weupe mtupu ulishuka na upepo, ukinyoosha mkono huoni kiganja. Halafu barafu ikalia. Anayekaa kwetu anaujua mlio huo, ni kama mlango mkubwa unapasuka chini ya miguu yako, na mlio wenyewe ulitokea upande wa mdomo wa kijito, ambako barafu siku zote ni nyembamba.

Ikawa vurugu. Mama wanaita, mbwa wanabweka, watu wanakimbia bila kujua wanakimbilia wapi, na kila anayekimbia anaweza kuwa anakimbilia kwenye maji. Odile akasimama. Hakufikiri. Alivua glavu kwa meno, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga.

Mama yangu!

Ziwa zima likanyamaza.

Weupe ulipungua kidogo mbele yetu, nikaona. Mzima moto mkuu, mtu mwenye ndevu mpaka kifuani, kamshika mkono mwenye baa, na mikono yao iko juu. Karani wa posta na mke wa daktari wa meno, mikono juu. Kina mama wenye wajukuu. Wengine walikuwa wamemshika mwenzao yule yule wa zamani, wengine wamemkamata yeyote aliyekuwa karibu, lakini wote wamesimama kama nguzo, mikono juu, midomo imefungwa, macho yamewatoka. Ukiwatazama unaona hata wao wenyewe hawajui kwa nini wanafanya hivyo. Mikono ilipanda kabla ya akili.

Odile alipigwa na butwaa. Vidole vilibaki mdomoni, hakuvitoa.

Kisha kutoka katikati ya ule weupe ikatoka sauti. Sauti nene, ya mwanaume mtu mzima, lakini maneno ni ya mtoto.

"Sina wangu!"

Ikarudia:

"Sina wangu! Sina wangu!"

Alikuwa Fernand Pelkey. Yuko peke yake, mkono mmoja juu, hana wa kumshika. Na kwa kuwa watu wote walikuwa kimya, tukasikia kitu kingine, upande wa kijito: mtu anapumua kwa nguvu, fuu, fuu, kama anapuliza moto unaokataa kuwaka.

"Rosaire," Odile akasema. Halafu sauti yake ya ng'ombe ikamrudia. "Laleni kifudifudi! Kila mtu ashike kifundo cha mguu cha aliye mbele! Fernand, tangulia, na usisimame hata kama utaona malaika!"

Wakalala. Watu wenye vitambi na wenye magoti mabovu, wakalala kwenye barafu wakawa mnyororo, wakajivuta kama walivyokuwa wakijivuta kwenye gati mvua ikinyesha, wakati huo kwa mchezo. Rosaire alikuwa tunduni mpaka kwapani. Hakutapatapa, wala hakupiga kelele. Alikuwa ametandaza mikono juu ya barafu, kidevu juu, ametulia, na mikono ya koti lake ilikuwa imeshaganda ikamnasa pale pale, ndiyo iliyomshikilia. Fernand akamkamata ukosi wa koti.

Waliokuwa nyuma yake wanaapa kwamba maneno ya kwanza ya ndugu hao tangu lile trekta yalikuwa haya:

"Umechelewa, mpumbavu wewe."

"Na wewe umenenepa, mjinga wewe. Tulia nikuvute."

Huku nyuma, mimi na Odile tuliona jambo lingine, na hili ndilo lililomchoma Odile moyo. Watu wazima wote walikuwa wamesimama au wamelala kwenye mnyororo. Lakini watoto, wale waliokua kambi ikiwa imefungwa, mluzi haukuwaambia kitu. Walikuwa wanakimbia ovyo katikati ya ile mikono iliyoinuliwa, huyu huku, yule kule, wanalia, kama vifaranga wameona mwewe. Noela, binti wa Rosaire, alisikia pumzi za baba yake akafyatuka kwenda huko huko kwenye tundu. Odile alimdaka kofia ya koti akiwa mbioni, wakaanguka wote wawili.

"Mwenzako nani?" Odile akamwuliza, kwa mazoea tu, huku amemkumbatia.

Mtoto akamtazama kama anaongea Kichina.

"Mwenzangu wa nini?"

Baadaye, Rosaire kashapelekwa kwenye gari la wagonjwa na blanketi, nilimkalisha Odile kwenye ndoo nikampa kahawa.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Sikuwaambia wainue mikono."

"Ulipiga mluzi."

"Nilipiga kwa hofu! Kama mtu anavyopiga chafya! Wale watu wana wajukuu, jamani. Mimi nilidhani wameshasahau hata jina langu."

Siku kadhaa alikuwa hivyo. Anaosha kikombe, anasimama, anasema "Mwenye baa!" kisha anatikisa kichwa.

Mkutano mkuu ukafika, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na kina mama wanauza maharage na mkate mweusi pembeni kama kila mwaka. Rosaire alikuwa mezani mbele, vidole vimefungwa bandeji. Sisi tulikaa raha mustarehe. Tulijua kambi imepona, maana mtu aliyetolewa majini na watoto wa kambi atauzaje kambi? Likafika suala lenyewe. Rosaire akasimama.

"Nashukuru mlionivuta," akasema. "Nimeshashukuru kanisani, nashukuru na hapa. Lakini paa halijui nani kaokolewa. Bima haijui. Mimi ni mwenyekiti, lazima niseme ninachoamini. Bado nasema tuuze."

Hee! Ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja. Mwanamke wa nyuma yangu akadondosha sahani. Nilimtazama Odile nikadhani atazimia, uso ulikuwa mweupe kama unga. Hakuna aliyetegemea. Hata mbwa wa Fernand angemtambua aliyemvuta!

Odile akasimama polepole.

"Rosaire. Ulipokuwa kwenye maji, mbona hukupiga kelele?"

"Nilikuwa natunza pumzi, Shangazi."

"Nani alikwambia utunze pumzi?"

Rosaire akapapasa bandeji yake.

"Na mikono, nani alikwambia utandaze?"

"Shangazi, hilo halimo kwenye ajenda."

Watu wakaangua kicheko, na Rosaire masikio yakamwiva. Lakini kicheko kilikatika, kwa sababu Fernand alikuwa amesimama. Fernand hajawahi kusema mkutanoni. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akawa anaizungusha.

"Mimi na huyu hatusemezani," akasema. "Mnajua. Nilikuwa nadhani simtazami. Nilikuwa naapa kwamba simtazami. Ule mluzi ulipolia nikageuka kushoto, maana ndiko alikokuwa, tundu la tatu kutoka kwa jirani yangu Ouellette, kofia nyekundu. Hayupo. Nikajiuliza, wewe Fernand, umejuaje kofia yake iko wapi?" Akaizungusha tena kofia. "Kila mwaka huwa najua. Kila shindano. Kanisani najua amekaa wapi bila kugeuka. Nimekuwa namtazama miaka yote hii, na mimi mwenyewe sijui."

Akakaa. Mezani, Rosaire akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Mimi nililia, na silii ovyo.

Odile alikuwa bado kasimama. "Uliniuliza kinabaki nini, nikakosa jibu," akamwambia Rosaire, na safari hii hakupaza sauti. "Kweli sikujua. Ile siku ziwani nilishtuka kuliko wewe uliyekuwa ndani ya maji. Kwa hiyo sikuja hapa kujidai. Nimekuja kukwambia nilichokishika kwa mkono huu. Nilimshika binti yako kofia akiwa anakimbilia kwenye tundu lako. Nikamwuliza mwenzako nani. Akanijibu, wa nini? Mtoto mwenye akili zake, Rosaire. Siku ikiwa yeye ndiye aliyezama, nani atageuka kushoto?"

Akakaa.

Kura ikapigwa. Waliotaka kuuza hawakuwa wachache, msidhani mji wetu ni wa malaika. Lakini waliokataa walizidi, ikaonekana hata bila kuhesabu mara mbili. Na Rosaire Pelkey, mbele ya watu wote, aliinua mkono wake wenye bandeji upande wa kuuza, peke yake pale mezani, asibanduke. Kisha akagonga nyundo yake ya mwenyekiti, akatangaza kambi haiuzwi, akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko kamasi zilivyostahili.

"Mbishi huyo," nikamnong'oneza Odile.

"Mwache," akasema. "Mbishi akikubali kuja, haondoki."

Mwezi wa sita tulikuwa tunafagia vinyesi vya panya kwenye vibanda tukasikia lori. Rosaire kaleta mbao za paa. Fernand alikuwa kakaa kiti cha pembeni, wanabishana dirisha liwe wazi kiasi gani. Odile akazipapasa zile mbao.

"Hizi mbichi. Zitapinda."

"Shangazi, za halmashauri ndizo hizo. Ukitaka kavu, nunua dukani kwangu."

"Mwizi."

"Asante."

Noela akateremka nyuma na mkoba mkubwa kumshinda, akatazama ziwa, akatazama vibanda, akauliza soketi ya kuchajia simu iko wapi. Odile alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Lucien afe.

Habari za Odile ndizo hizo. Sasa ni zamu yako, wewe uliyekaa na kitabu miguu juu. Paa limefika nusu tu, na zile mbao zimeanza kupinda kama alivyosema. Jumamosi hii, baada ya misa ya asubuhi, njoo na nyundo yako. Si maneno, nyundo. Na kama una mtoto, mlete. Ukishindwa kuja nitajua, maana mlango wako naufahamu, na mimi nikibisha hodi siji na keki.